Kupika kama Mtaliano, kupigana kwa uzito wako: mwongozo wa jikoni kwa mabondia wa Dar es Salaam

Bondia anayefika kwenye mizani baada ya siku mbili bila chakula, tena amekimbia juani na nailoni ndani ya trakisuti, raundi zake za mwisho zimeshapotea kabla kengele haijalia. Pumzi itamwisha, mikono itashuka, na ngumi ambayo angeikwepa itamfikia. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na yeyote anayecheza kikiboksi, judo au mieleka na anayetakiwa kupimwa uzito.

Nimechukua mbinu za jikoni za Waitaliano kwa sababu zinapimika. Miongozo ya lishe ya nchi hiyo huhesabu gramu 80 za tambi kavu kuwa sehemu ya mtu mmoja, na watu wengi hupima kweli kabla ya kutia sufuriani. Tena kwao wanga huwa sahani yake, kitoweo hufuata kwenye sahani nyingine, na mboga hukaa pembeni. Kwa mtu mwenye tarehe ya pambano, mpangilio huo ni mali. Siku ya mazoezi makali anaongeza sahani ya wanga, siku ya mapumziko anaipunguza, kitoweo na mboga havibadiliki. Sizungumzii piza, wala tambi zilizozama kwenye krimu katika hoteli za Masaki. Nazungumzia upishi wa watu wa kipato kidogo wa kusini mwa Italia: nyanya, maharage, samaki wadogo, mkate uliokauka. Vyote hivyo unavipata kwenye soko la Kariakoo na soko la samaki la Feri.

Hatua ya 1: Jua hesabu yako

Pima uzito asubuhi, ukishakwenda haja na kabla ya kunywa chochote, mara tatu au nne kwa wiki. Andika. Usibabaishwe na namba ya siku moja, kwa maana chumvi ya jana peke yake inaweza kuisogeza. Tazama wastani wa wiki.

Tuseme una kilo 66 na unataka kupigana kwenye kilo 63.5. Hesabu zako ni hizi:

Protini: gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 120 kwa siku. Igawe kwenye milo minne. Ukiila yote usiku kwenye sahani moja ya nyama choma, misuli haifaidiki sawasawa.

Wanga: siku ya mazoezi makali gramu 5 hadi 7 kwa kila kilo, kwa hiyo kama gramu 400. Siku ya mapumziko gramu 230 hivi zinatosha.

Mafuta: kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi, yawe ya alizeti au ya zeituni. Ndiyo maana chipsi mayai ya saa nne usiku humaliza hesabu ya siku nzima bila mtu kujua. Lakini usiyafute kabisa, mwili unayahitaji.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Kwa bondia, hicho ni kifaa cha mazoezi sawa na kamba ya kuruka.

Hatua ya 2: Sokoni

Feri uende alfajiri, na uende na barafu kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa mpiganaji, samaki bora kwa bei yake ni kibua. Ana protini kama gramu 20 kwa kila gramu 100 za mnofu, na ana mafuta yale mazuri ya samaki wa baharini. Lakini kibua na jodari wana tabia ambayo kila mpishi anapaswa kuijua. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na moto hauiondoi. Unaweza kumkaanga mpaka akauke, na bado ukala sumu: uso unawaka, kichwa kinagonga, tumbo linavurugika. Kwa joto la Dar, saa mbili tatu ndani ya daladala bila barafu ni nyingi mno. Angalia macho yawe angavu na matamvua yawe mekundu. Ukisikia ulimi unawasha kama pilipili, mteme na uache kula.

Dagaa wakavu ni hazina. Uzani kwa uzani, zaidi ya nusu yao ni protini, na wakiliwa wazima wanakupa madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa. Chagua wasio na mchanga.

Kariakoo na Temeke Stereo utapata nyanya, vitunguu na karoti. Nunua nyanya zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo wauzaji huzishusha bei jioni. Kwa rojo ndizo tamu zaidi. Seleri hupatikana Kisutu. Unga na maharage, nenda Tandale. Mrehani labda uko kwa jirani yako, umepandwa kwenye kopo kwa ajili ya harufu. Waitaliano huuweka jikoni kwa wingi, na mrehani wa Pwani unafanya kazi hiyo vizuri, ingawa una ukali zaidi, kwa hiyo tia majani machache. Jibini si lazima. Ukiitaka, ipo ya Njombe, ambako Waitaliano walisaidia kuanzisha kiwanda cha maziwa.

Hatua ya 3: Pika rojo ya msingi mara moja kwa wiki

Hapa ndipo ninapomtaka kila bondia atulie na ajifunze, maana rojo hii ikiwa kwenye friji, njaa ya baada ya mazoezi haikupeleki tena kwenye kibanda cha chipsi.

Chukua vitunguu maji nusu kilo, karoti robo, seleri robo. Ukikosa seleri, ongeza karoti. Katakata vyote vidogo kabisa, ukubwa wa punje za mahindi au chini ya hapo. Weka vijiko vinne vya mafuta ya alizeti kwenye sufuria nzito, mimina mboga zote, nyunyiza chumvi kidogo, kisha moto uwe mdogo kweli. Kwenye jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu. Geuza kila baada ya muda kwa dakika 20 hadi 25. Mboga zilainike na ziwe tamu. Zikianza kuwa za kahawia, moto ni mkali, tia maji vijiko viwili. Hii ndiyo soffritto, mwanzo wa nusu ya vyakula vya Italia. Sisi tumezoea kukaanga kitunguu kwa haraka kwenye mafuta mengi. Ukienda polepole, mafuta machache yanatosha, kwa sababu mboga zinatoa maji yake na kuiva humo humo.

Tia punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, subiri dakika moja, kisha mimina kilo mbili za nyanya zilizokatwa. Acha ichemke taratibu, bila mfuniko, dakika 40. Nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo hutoa likopeni, ile rangi nyekundu yenye faida mwilini, kwa wingi kuliko nyanya mbichi. Mwishoni chana majani ya mrehani, tia, zima moto.

Sufuria hiyo inatoa sehemu nane, na kila sehemu ina nusu kijiko tu cha mafuta. Kwenye friji inakaa siku nne. Iliyobaki igandishe kwenye vikopo. Kama huna friji, pika nusu ya vipimo hivi mara mbili kwa wiki, uichemshe tena vizuri kila asubuhi na kila jioni.

Hatua ya 4: Sahani ya wanga

Tambi. Kwa kila gramu 100 chemsha lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi. Wiki ya mizani, punguza chumvi hiyo. Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha zitoe dakika mbili kabla. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Hamishia tambi kwenye kikaango chenye rojo, mimina yale maji kidogo kidogo, zungusha juu ya moto dakika mbili. Wanga uliomo kwenye maji hayo unaishikanisha rojo na tambi, inang'aa kana kwamba umetia siagi, na hukuongeza hata tone la mafuta. Usizisuuze kwa maji baridi. Tambi zenye ukinzani kidogo kwenye jino huyeyuka tumboni polepole kuliko zilizopikwa mpaka zikavurugika, kwa hiyo nguvu yake inadumu.

Siku ya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, pima gramu 120 hadi 150, mbichi. Siku ya kawaida 100. Siku ya mapumziko 70.

Ugali usiuache. Wenyeji wa kaskazini mwa Italia wana polenta, nao huisonga kwa dakika 40 ikiwa na maji mengi, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne. Jaribu hivyo kwa unga wa dona. Unapata ugali laini ambao ni rahisi kula ukiwa umechoka. Uliobaki utandaze kwenye sinia, kesho ukate vipande, uvichome kwenye kikaango kikavu mpaka vipate ukoko. Hivyo vinabebeka mpaka klabuni.

Kaskazini huko huko, katika karne ya 18 na ya 19, maelfu ya wakulima waliokula polenta karibu peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo niasini: ngozi inababuka, tumbo linaharibika, akili inavurugika. Mwili ulikuwa na kalori ila hauna kingine. Nawaambia hilo vijana wanaokula ugali kwa mchuzi mtupu wiki nzima kisha wanashangaa jeraha la mdomo haliponi.

Hatua ya 5: Kitoweo

Kibua kwenye foili. Mpasue, msafishe, mtie ndani nyanya mbili zilizokatwa, kitunguu saumu, limau, mrehani na chumvi kidogo. Mfunge vizuri kwenye foili au jani la mgomba. Mweke juu ya makaa ya wastani dakika 15 hadi 20. Anaiva kwa mvuke wake, na hahitaji mafuta kabisa.

Dagaa na chenga za mkate. Hiki kinatokana na Sicilia, ambako waliokosa pesa ya jibini walinyunyiza chenga za mkate juu ya tambi. Toa vichwa, loweka dagaa wa bahari kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, osha mara mbili. Kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta pamoja na kitunguu saumu na pilipili. Pembeni, chukua mkate wa juzi, usage kwa mikono, uukaushe kwenye kikaango mpaka uwe wa dhahabu. Changanya dagaa na tambi na maji yake ya kuchemshia, kamulia limau, nyunyiza chenga. Gramu 40 za dagaa wakavu ni zaidi ya gramu 20 za protini.

Maharage kwa tambi zilizovunjwa. Loweka usiku kucha, chemsha, ponda robo yake ili mchuzi uwe mzito, changanya na sehemu moja ya rojo, kisha vunja tambi zipikwe humo humo. Ni chakula cha siku za mwanzo za kambi. Usile mchana wa sparingi, gesi itakusumbua.

Na kwa mabondia wa kike nina neno la ziada. Madini ya chuma hupungua haraka kwa anayepata hedhi na kufanya mazoezi makali. Kula dagaa, maini mara moja kwa wiki, majani ya maboga na limau juu yake, na chai uisogeze saa moja au mbili mbali na mlo, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa. Hedhi ikikatika wakati wa kambi, usichukulie kuwa ni dalili ya mazoezi mazuri. Mwili unakwambia chakula hakitoshi. Muone daktari na uongeze kula.

Hatua ya 6: Saa za kula

Unakimbia saa 12 asubuhi Coco Beach? Ndizi moja na maji kabla, basi. Ukirudi, mayai matatu kwenye rojo, mkate, na maziwa. Mlo mkubwa wa wanga uwe saa tatu au nne kabla ya mazoezi ya jioni. Baada ya mazoezi usikae zaidi ya saa moja mbili bila wanga na protini.

Maji: jipime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, irudishe kwa lita moja na robo hadi moja na nusu, taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi. Dafu ni zuri kwa potasiamu, ila lina sodiamu kidogo, na jasho la Dar linabeba sodiamu nyingi. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache dukani.

Mwezi wa Ramadhani, weka mazoezi makali baada ya futari, ukianza kwa tende, maji na supu, kisha tambi baada ya kutoka mazoezini. Daku liwe na maharage au mayai, ugali laini, na maji ya kutosha. Kupunguza uzito kwa ajili ya pambano ndani ya mwezi huo sikushauri.

Hatua ya 7: Wiki sita kabla ya pambano

Kutoka kilo 66 hadi 63.5 ni kilo mbili na nusu. Kwa wiki sita hiyo ni gramu 400 na kitu kwa wiki, chini ya asilimia moja ya mwili wako, na kasi hiyo inavumilika. Punguza wanga wa siku za mapumziko kwanza, kisha mafuta ya kukaangia, kisha sukari ya chai. Protini usiiguse. Pambano likitangazwa wiki mbili kabla na uko kilo tano juu, jibu ni kukataa au kupigana kwenye daraja la uzito wa juu. Najua pesa inavyovuta, na najua mapromota wanavyosukuma. Hata hivyo, kataa.

Nasema hivyo kwa sababu watu wamekufa. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijikausha ili wafikie uzito. Desemba 2015 Yang Jian Bing, mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko) kutoka China, alifariki Manila kabla ya pambano lake, na ONE Championship, kampuni iliyoandaa pambano hilo, ikabadili kanuni ili kupiga marufuku kupunguza uzito kwa kukausha maji. Ukipungukiwa maji kwa asilimia mbili tu ya uzito, kwa wewe ni kilo moja na robo hivi, stamina inaanza kushuka. Vidonge vya kukojoza vimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Hata dripu ya baada ya kupima, ikizidi mililita 100 ndani ya saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali, ni kosa.

Siku tatu za mwisho fanya jambo hili moja: ondoa makapi. Acha maharage, dona, matembele na matunda yenye nyuzi. Kula tambi nyeupe, wali mweupe, samaki na mayai, kiasi kile kile cha nishati. Utumbo unabaki mwepesi, mizani inashuka kidogo, na nguvu yako haijaguswa.

Hatua ya 8: Siku ya mizani

Ngumi za kulipwa kwa kawaida hupima siku moja kabla. Ngumi za ridhaa hupima asubuhi ya pambano, na ukishinda unapimwa tena asubuhi ya pambano linalofuata. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipotuletea shaba za Jumuiya ya Madola kutoka Birmingham 2022, walipita kwenye ngumi za aina hiyo. Humo hakuna siku ya kujirudisha. Anayejikausha asubuhi anapigana mkavu.

Ukishuka kwenye mizani, anza na maji yenye chumvi na sukari, au pakiti ya ORS, kwa kufyonza kidogo kidogo. Baada ya nusu saa, kula tambi nyeupe zenye chumvi, kijiko cha mafuta na kipande cha samaki, bila nyanya wala pilipili. Ndicho chakula ambacho Waitaliano humpa mtu mwenye tumbo dhaifu. Rudia sahani ndogo kila saa mbili tatu. Pilau la nyama na soda mbili za pongezi vitalala tumboni mpaka kesho yake ulingoni.

Siku yenyewe, mlo wa mwisho uwe saa tatu au nne kabla ya kupanda. Usiku wa ngumi Dar huwa unarefuka, kwa hiyo beba tende, ndizi na vipande vya ugali wa kuchoma, usije ukapanda ulingoni saa sita na njaa.

Hatua ya 9: Kesho yake

Kichwa kikiuma kwa kuzidi, ukitapika, au ukisahau mambo, nenda hospitali kabla ya kwenda jikoni. Pombe usiguse.

Kama ni taya tu lililovimba, pasha sehemu mbili za rojo kwenye kikaango mpaka ichemke, tengeneza mashimo manne kwa kijiko, pasua yai kila shimo, funika dakika tano. Kula kwa kijiko pamoja na ugali laini. Kwa siku mbili za kwanza acha limau na pilipili, midomo iliyochanika haivitaki.